Nianzie chuo kidogo au chuo kikubwa? Safari ya kocha msaidizi katika mpira wa kikapu wa wanawake Marekani

Shikamoo Shangazi,

Mimi ni binti wa Mombasa, nina miaka 23, na nasoma Marekani kwa ufadhili wa mpira wa kikapu. Katikati ya mwezi wa Mei namaliza shahada ya kwanza ya usimamizi wa michezo. Miaka yangu ya kucheza imekwisha na goti halinidai tena. Ninachotaka ni ukocha, na lengo langu ni siku moja kuwa kocha mkuu wa timu ya wanawake katika Divisheni ya Kwanza ya NCAA, chama kinachosimamia michezo ya vyuo Marekani.

Nina nafasi mbili mkononi. Ya kwanza ni katika chuo kikuu cha Divisheni ya Kwanza: nitasomeshwa shahada ya uzamili bure, nipewe posho ndogo ya kila mwezi, na kazi yangu iwe video na takwimu. Ya pili ni kuwa kocha msaidizi katika chuo cha miaka miwili. Huko kuna kocha mkuu na msaidizi mmoja tu, ambaye ndiye mimi. Mshahara ni mdogo, lakini nitapewa chumba katika bweni la wachezaji.

Wenzangu wanasema ni aibu kutoka Divisheni ya Kwanza nikashukia chuo cha miaka miwili. Kocha wangu wa sasa naye anasema nisiende kokote, nibaki hapa nikimsaidia bila malipo mpaka nafasi itokee. Viza yangu ni ya mwanafunzi, F-1.

Nichague ipi, Shangazi? Itanichukua muda gani kufika? Na nifanye nini nisije nikabaki miaka yote yule wa kubeba kompyuta na chupa za maji?

Binti wa Mvita

*

Marahaba mwanangu,

Chukua kazi ya chuo cha miaka miwili, uifanye mwaka mmoja, kisha ndiyo uende kwenye uzamili. Najua ni kinyume cha wanachokuambia wenzako, kwa hiyo nitakupa hesabu yake. Nitaanza na viza, kwa sababu ndiyo itakayopanga mambo yako kabla hata hujaonyesha unachokijua uwanjani.

Mwenye F-1 akimaliza shahada anaweza kupata ruhusa ya miezi 12 ya kufanya kazi inayohusiana na alichosomea. Ndiyo hiyo inayoitwa OPT. Kila ngazi ya shahada ina miezi 12 yake. Ukitoka shahada ya kwanza ukaingia uzamili moja kwa moja, miezi ile imekwenda, haiwekwi akiba. Ukiitumia sasa, utapata mingine 12 ukimaliza uzamili. Kwa mtu anayeanza ukocha, mwaka mzima wa kazi halali ni mali, na wewe unataka kuutupa kwa kuogopa jina la chuo.

Halafu kuna jambo la saa. Mwanafunzi wa F-1 haruhusiwi kufanya kazi chuoni zaidi ya saa 20 kwa wiki wakati masomo yanaendelea. Sasa itazame timu ya Divisheni ya Kwanza mwezi wa Januari: mechi mbili kwa wiki, safari, mazoezi, vikao vya makocha, video za mpinzani anayefuata. Kazi hiyo haikai ndani ya saa 20. Msaidizi mwenzako aliye raia atabaki ofisini mpaka usiku wa manane, na kocha mkuu atamwona. Wewe ukibaki naye unavunja masharti ya viza, na kusema kwamba kocha ndiye aliyekuambia hakutakusaidia. Ndiyo maana wanafunzi wengi wa kigeni kwenye nafasi hizo huishia kukata video tu: ndicho kipande cha kazi kinachopimika kwa saa.

Tena, si kila anayevaa fulana ya benchi la ufundi anafundisha. Kanuni iliyoanza Julai 2023 iliruhusu kocha mkuu wa Divisheni ya Kwanza awe na wasaidizi watano, na watatu tu kati yao ndio waliopewa ruhusa ya kutoka nje ya chuo kusaka wachezaji. Mkurugenzi wa shughuli za timu hupanga mabasi, hoteli, chakula na bajeti. Mratibu wa video hukata na kupanga picha. Hizo ni kazi za heshima na zimewatoa watu, lakini haziingizi kwenye wasifu wako kile ambacho wanaoajiri makocha hukiuliza kwanza: umefundisha nini uwanjani, na umemsajili nani? Katika chuo cha miaka miwili chenye makocha wawili, majibu ya maswali yote mawili yataanza kuandikwa mwezi wa Agosti.

Usikubali kabla hujapata mambo haya kwa maandishi. Barua ya ajira iseme cheo chako ni kocha msaidizi, itaje saa za kazi kwa wiki (OPT inataka zisipungue 20), tarehe ya kuanza, na majukumu: kufundisha, kuchunguza wapinzani, kusajili. Omba pia utengewe eneo ambalo ni lako, mathalani kuwafundisha walinzi, yaani wale wanaouleta mpira mbele, au kupanga michezo yote ya mpira wa kurushwa kutoka nje ya mstari. Kocha mkuu akikujibu kwamba utasaidia popote utakapohitajika, ujue utaendesha basi dogo na kufua jezi. Basi utaliendesha hata hivyo, maana vyuo hivyo ndivyo vilivyo, lakini lisiwe ndiyo kazi yenyewe.

Maombi ya OPT hupokelewa kuanzia siku 90 kabla ya tarehe ya kumaliza programu hadi siku 60 baada yake. Usingoje mwisho, kwa sababu kadi ya kazi inaweza kuchukua miezi kufika na huruhusiwi kuanza bila hiyo. Tarehe ya kuanza unaichagua mwenyewe, mradi isipite siku 60 baada ya kumaliza. Hapo ndipo wengi hujikwaa. Wanachagua siku ya kwanza baada ya mahafali huku mkataba wao unaanza Agosti, na kumbe OPT inavumilia siku 90 tu za kukaa bila kazi kwa mwaka mzima. Wakifika Agosti wameshakula zaidi ya siku 70. Wewe ukimaliza katikati ya Mei, weka tarehe katikati ya Julai. Mkataba ukianza tarehe 1 Agosti utakuwa umetumia kama wiki mbili tu. Mwaka unaofuata OPT itaisha Julai na uzamili utaanza Agosti. Rekodi yako ya uanafunzi ihamishiwe chuo kipya ndani ya siku 60 baada ya OPT kwisha. Haya yote yapitishe kwa ofisa wa wanafunzi wa kimataifa wa chuo chako, maana yeye ndiye mwenye mfumo na kanuni huguswa mara kwa mara.

Kwa nini nasema mwaka mmoja tu? Kwa sababu baada ya OPT chuo kitalazimika kukuombea H-1B, viza ya kazi za kitaalamu. Vyuo vya umma na visivyo vya faida haviingii kwenye bahati nasibu ya kila mwaka ya kugawa viza hizo, na hilo ni jema kwako. Tatizo ni mshahara: mwajiri wa H-1B lazima alipe kiwango kinacholipwa kazi hiyo katika eneo hilo, na mshahara mdogo pamoja na chumba cha bweni mara nyingi haufiki hapo. Tatizo la pili ni kwamba H-1B ni ya kazi inayohitaji shahada ya fani maalumu, na maofisa wa uhamiaji wamewahi kuhoji kama ukocha unahitaji. Shahada ya uzamili katika fani ya michezo, na tangazo la kazi linaloitaja fani hiyo, huongeza nguvu ya maombi. Tena Septemba 2025 ilitangazwa ada ya dola 100,000 kwa maombi mapya ya H-1B ya watu walio nje ya Marekani, kwa hiyo siku utakapofika hatua hiyo usipande ndege ya kwenda Mombasa kabla ya kuongea na wakili.

Sasa tuje kwenye kazi yenyewe, maana hapa ndipo utakapojitofautisha na mbeba kompyuta.

Jifunze kuchunguza mpinzani mpaka kocha mkuu asiweze kulala kabla hajaiona karatasi yako. Chukua mechi nne za karibuni za mpinzani, na moja kati ya hizo iwe dhidi ya timu inayocheza kama yenu. Tazama kwanza mechi nzima bila kukata kitu. Mara ya pili ndiyo ukate: mashambulizi wanayoyarudia, michezo ya kurusha mpira kutoka chini ya kikapu na kutoka pembeni, wanachocheza mara tu baada ya mapumziko mafupi, na jinsi wanavyolinda skrini anayowekewa mwenye mpira, yaani mwenzake anaposimama kumzuia anayemlinda. Hili la mwisho liandike kwa ukamilifu: je, mchezaji mrefu anarudi nyuma kulinda kikapu, anatoka kumziba mwenye mpira, au wanabadilishana? Jibu hilo peke yake huamua nusu ya mashambulizi yenu ya siku hiyo.

Kisha chambua wachezaji wao wanane wa kwanza, kila mmoja mistari mitatu: mkono anaoutegemea, mahali anapotaka kurushia, na anachofanya akibanwa. Weka asilimia yake ya mitupo huru, ili sekunde za mwisho kila mtu ajue ni nani wa kuchezewa faulo. Makocha wape dakika 15 za picha. Wachezaji wape 7, zisizidi 8, na karatasi ya upande mmoja yenye mambo matatu ya kukumbuka. Wasaidizi wapya huharibu hapa. Wanaleta kurasa 20 ili waonekane wamefanya kazi, na mchezaji anaingia uwanjani akiwa hakumbuki hata kimoja. Baada ya mechi rudi kwenye karatasi yako uweke alama: kipi kilitokea, kipi hukukiona. Zitunze zote. Mtu akikuita kwenye usaili, mpelekee tatu, na mojawapo iwe ya mechi mliyoshindwa, yenye maelezo ya nini kilikuponyoka.

Utatakiwa pia kuwafundisha watu wengine kuucheza mchezo wa mpinzani mazoezini. Timu nyingi za wanawake huko hutumia wavulana wa chuo kama timu ya mazoezi. Una dakika 10 za kuwafundisha michezo mitano. Ukiweza kuwapanga wakaelewa bila kupiga kelele, kocha yeyote anayetazama ataona kwamba unaweza kufundisha.

Upande wa usajili, chuo cha miaka miwili kina faida ambayo wenzako hawaioni: makocha wa Divisheni ya Kwanza huja wenyewe kuwatazama wachezaji wako. Kila anayepiga simu kuulizia mchezaji, mpe ukweli. Mchezaji akiwa mzito wa kurudi kulinda, sema. Akiwa na alama mbovu za hisabati, sema, na umweleze anahitaji nini ili astahili kucheza. Msaidizi wa chuo kikuu akimchukua mchezaji wako akamkuta kama ulivyomweleza, jina lako litabaki kwenye simu yake, na nafasi nyingi za usaidizi hujazwa kwa simu za namna hiyo kabla tangazo halijakauka. Andika kila simu, tarehe na kilichosemwa. Tangu mfumo wa uhamisho wa wachezaji ulipoanza Oktoba 2018, majira ya machipuko yamekuwa msimu mwingine mzima: majina huingia kwa mamia, na wasaidizi hutazama video usiku kucha. Kumbuka kwamba huruhusiwi kumshawishi mchezaji wa chuo kingine ambaye jina lake halijaingia kwenye mfumo huo, hata kupitia kwa rafiki yake au kocha wake wa zamani. Wasaidizi vijana hudhani ujumbe mmoja wa salamu hauhesabiki. Unahesabika.

Kuna mtego mmoja nakuonya mapema. Makocha sasa wanaitazama Afrika Mashariki. Madina Okot alitoka Chuo Kikuu cha Zetech kule Kenya akaenda Mississippi State, kisha South Carolina, na kila kocha aliyemwona anajiuliza nani mwingine yuko huko. Watakutaka kwa sababu unaijua Mombasa na Nairobi, unaongea na wazazi kwa lugha yao na unaelewa vyeti vya KCSE. Hiyo ni nguvu yako, itumie. Lakini ikiwa ndiyo sababu pekee ya kukuajiri, utakaa miaka kumi ukiitwa msajili, na siku ya kutafuta kocha mkuu watasema hujawahi kuongoza ulinzi wala mashambulizi. Wasaidizi wengi weusi wamefungiwa kwenye chumba hicho, na ni dhuluma. Katika kila kazi utakayochukua, uwe na upande mmoja wa mchezo unaoweza kusema ni wako.

Umeniuliza muda. Njia hazifanani, na ni vizuri uzijue za wengine. Niele Ivey alianza na kazi ya utawala katika timu ya Xavier, akawa msaidizi Notre Dame tangu 2007, akaenda mwaka mmoja kwa Memphis Grizzlies ya NBA, na 2020 akarudi Notre Dame akiwa kocha mkuu. Lindsay Gottlieb alipita Syracuse, New Hampshire, Richmond na California akiwa msaidizi kabla ya kupewa timu yake ya kwanza, UC Santa Barbara, mwaka 2008. Kim Mulkey alikuwa msaidizi Louisiana Tech kwa miaka 15, na alipoondoka mwaka 2000 kwenda Baylor alichukua ubingwa wa taifa mara tatu huko, kisha mwingine na LSU mwaka 2023. Jan Jensen alikaa Iowa chini ya Lisa Bluder tangu 2000 na akakabidhiwa timu 2024. Na wapo wasioutaka ukocha mkuu kabisa: Chris Dailey amekuwa msaidizi wa kocha mkuu Geno Auriemma huko UConn tangu 1985, na hakuna anayejua mpira atakayemwita aliyeshindwa maisha.

Njia ninayotaka uitazame kwa makini ni ya Kim Caldwell. Yeye alichukua timu ya Divisheni ya Pili, Glenville State, mwaka 2016, akashinda ubingwa wa divisheni hiyo 2022, akafundisha Marshall msimu mmoja, na 2024 Tennessee wakamwajiri. Ukiwa kocha mkuu mahali padogo unajifunza bajeti, ratiba, kumwondoa mchezaji kikosini na kuongea na wazazi wenye hasira, mambo ambayo msaidizi wa chuo kikubwa anaweza kustaafu bila kuyagusa. Kwako wewe mpangilio unaoelekea ni huu: mwaka wa chuo cha miaka miwili, miwili ya uzamili, kisha nafasi ya usaidizi kamili Divisheni ya Kwanza au ya Pili. Baada ya hapo hesabu misimu sita hadi kumi, na ukipigiwa simu na chuo kidogo kinachotafuta kocha mkuu usiikate kwa sababu ya jina.

Ukifika kwenye usaidizi wa Divisheni ya Kwanza, soma mkataba. Mingi ni ya mwaka mmoja, na kocha mkuu akifukuzwa, wasaidizi kwa kawaida huondoka naye kwa sababu mpya huja na watu wake. Uliza: kocha mkuu amebakiza miaka mingapi? Nikiachishwa nitalipwa miezi mingapi, na bima ya afya inaisha lini? Kwa mwenye H-1B hili ni zito zaidi, kwani baada ya ajira kukoma una siku 60 tu za kupata mwajiri mwingine au kubadili hali yako. Timu inayoyumba ni hatari kwako kuliko kwa mwenzako raia, hata kama mshahara ni mzuri.

Jiunge pia na WBCA, chama cha makocha wa mpira wa kikapu wa wanawake, ambacho kina mafunzo maalumu kwa wachezaji wanaomaliza na kutaka ukocha. Kongamano lao hufanyika kila mwaka katika mji wa fainali za taifa. Ukienda, usizungukie makocha maarufu ukiomba picha. Kaa na wasaidizi na wakurugenzi wa shughuli wa vyuo vya kati. Hao ndio watakaokuwa wakijaza nafasi miaka mitano ijayo.

Wiki hii mwandikie kocha wa kile chuo kikuu. Mwambie nafasi yake unaitaka, umepata mwaka mmoja wa kufundisha na kusajili, na unaomba akufikirie kwa Agosti ya mwaka unaofuata ukiwa na uzoefu huo. Akikataa, usitetereke, omba kwingine kuanzia Novemba, kwa kuwa nafasi za namna hiyo hufunguka kila mwaka. Ukikutana na inayokuruhusu kufundisha uwanjani ndani ya saa 20, hiyo ndiyo uikimbilie.

Kocha wako wa sasa usimkatae kwa ubaya. Mshukuru, kisha mwambie waziwazi kwamba miezi 12 ya OPT ni michache mno kuimalizia kwenye kungoja nafasi ambayo haijatokea. Halafu mwombe kitu kikubwa kuliko benchi lake: akupigie simu kwa makocha watatu anaowaheshimu, awaambie jina lako na kazi unayokwenda kuifanya, na akupe namba zao ili mwezi wa Desemba, ukiwa na mechi kumi mkononi, uwapelekee karatasi zako za wapinzani.

Shangazi